Mjukuu Mbele ya Makabrasha: Uhakiki wa Sura za Mwisho za Roots ya Alex Haley

Kitabu cha Alex Haley kiitwacho Roots kilitolewa na kampuni ya Doubleday mwaka 1976, na msomaji wa Kongo hukikuta zaidi katika tafsiri yake ya Kifaransa, Racines. Kina sura 120. Wahakiki waliokishughulikia wamezielekea hasa zile 117 za kwanza: kuzaliwa kwa Kunta Kinte kijijini Juffure, karibu na mto Gambia, mwaka 1750, kutekwa kwake alipokwenda kukata gogo la kuchongea ngoma, safari ya baharini, utumwa wa Virginia, kuuzwa kwa binti yake Kizzy, maisha ya mjukuu wake George, mlezi wa majogoo ya kupiganisha, hadi uhuru na kuhamia kwa ukoo mzima katika mji mdogo wa Henning, jimbo la Tennessee. Sura tatu zinazobaki, ambamo mwandishi anaeleza jinsi alivyoitafuta nasaba yake katika maktaba na hifadhi za nyaraka, huhesabiwa kuwa ni kiambatisho tu, mithili ya maneno ya shukrani ambayo msomaji mwenye haraka aweza kuyaruka. Makala haya yanashikilia kinyume chake. Sura hizo tatu ndizo zinazokibeba kitabu. Ndimo ilimo sanaa yake iliyo bora, na ndimo lilimo pia kosa lake lililo kubwa. Na mambo hayo mawili yametoka katika chemchemi moja.

Haley alizaliwa Ithaca, New York, mwaka 1921, akalelewa Henning nyumbani kwa bibi yake, Cynthia Palmer. Jioni za kiangazi bibi huyo na dada zake walikaa barazani wakisimulia habari za ukoo, na mtoto akiwa nyuma ya viti vyao akisikiliza. Walimtaja babu wa mbali waliyemwita "Mwafrika", aliyeteremshwa melini mahali walipopaita Naplis. Bwana wake alimpa jina la Toby, naye akalikataa maisha yake yote akisema jina lake ni Kinte. Walisema pia kwamba gitaa aliliita ko, na mto mmoja wa Virginia akauita Kamby Bolongo. Hayo tu ndiyo yaliyokuwa mtaji: majina machache na sauti mbili tatu zisizojulikana lugha yake, zilizopita vinywani mwa vizazi kadhaa. Mtoto huyo akawa baharia wa ulinzi wa pwani ya Marekani toka 1939 hadi 1959, akajifunza uandishi humo humo melini, na mwaka 1965 ukatoka wasifu wa Malcolm X aliouandika kwa kumhoji mwenyewe. Kwa hiyo alipoanza kuitafuta nasaba yake hakuwa mgeni wa kusikiliza. Alikuwa mgeni wa kupekua.

La kuzingatiwa kwanza ni nafsi ya msimulizi. Kwa sura 117 kitabu kinasimuliwa katika nafsi ya tatu, na msimulizi anayajua yote, hata ndoto za Kunta akiwa ndani ya tumbo la meli. Kisha mwisho wa sura ya 117 mtoto mchanga analetwa Henning, na msimulizi anatamka kwamba mtoto huyo ni yeye mwenyewe. Tangu hapo "yeye" inakuwa "mimi", na yule aliyejua kila kitu anageuka kuwa mtu asiyejua kitu, anayeuliza njia mlangoni. Mbinu hii imesifiwa kwa uhodari wake wa kumshtua msomaji. Lakini kazi yake ya ndani ni nzito zaidi, maana inamlazimisha msomaji arudi nyuma na kuuliza: yale yote yaliyosimuliwa kwa sauti ya uhakika yamepatikana wapi? Riwaya nyingi za kihistoria hulificha swali hilo. Roots inalileta yenyewe mbele ya baraza, tena bila kushurutishwa.

Jibu linaanzia Washington, katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka. Haley anaomba sensa ya wilaya ya Alamance, North Carolina, ya mwaka 1870, anapewa mikrofilamu, anaketi kwenye mashine na kuanza kuzungusha majina. Hapa msomaji wa Kiswahili anahitaji maelezo ambayo mwandishi, akiwaandikia Wamarekani, hakuona haja ya kuyarefusha. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza Marekani iliyowaandika kwa majina watu wote waliokuwa watumwa. Katika zile za 1850 na 1860 watumwa walihesabiwa katika orodha za pembeni chini ya jina la mmiliki wao: umri, jinsia, rangi, na basi. Mwanamke wa miaka 30, mweusi. Mtoto wa kiume wa miaka 4, chotara. Kwa hiyo mjukuu yeyote anayerudi nyuma kutafuta wazee wake hufika mwaka 1870 na kukuta ukuta. Upande wa huku wapo watu. Upande wa kule wapo bwana na idadi ya mali zake. Anayetaka kuendelea hana budi kuacha kumtafuta babu yake na kuanza kumtafuta aliyemmiliki babu yake, katika wosia, hati za mauzo, kodi na orodha za mirathi. Ni njia chungu, kwani mtu humwona mzee wake akitajwa kati ya farasi na vyombo vya nyumbani.

Haley amekwisha choka na yuko karibu kuondoka pale anapoliona jina la Tom Murray, mweusi, mhunzi. Chini yake Irene, mkewe. Na chini yao watoto, mmoja wao Elizabeth, umri miaka 6. Elizabeth huyo ndiye yule bibi mkubwa wa barazani, ambaye mwandishi alimjua akiwa ajuza. Hakuna ukurasa katika kitabu kizima unaofikia uzito wa mstari huo. Mapigo ya mjeledi na kilio cha Kizzy akipakiwa garini vimeandikwa kwa nguvu, na mara nyingine kwa nguvu iliyopita kiasi. Lakini karani wa sensa ambaye hakuwa na nia ya kumliza mtu amefanya zaidi kwa tarakimu moja. Mzee amegeuka mtoto. Jambo alilolisikia kama hadithi ya jioni limeandikwa na mtu wa serikali asiyejua kuwa ni hadithi.

Hata hivyo uhakiki hauna budi kuangalia ni kitu gani hasa karatasi ile ilimpa. Haikumpa habari mpya hata moja. Tom, uhunzi wake, Irene, watoto: yote hayo aliyajua tangu utoto. Kilichomtetemesha ni kwamba karatasi imekubaliana na bibi. Tangu siku hiyo, jinsi sura zenyewe zinavyoonyesha, Haley akaipenda karatasi inayokubali. Maktaba kwake ikawa ni mahali pa kupigia muhuri maneno ya barazani. Mbegu ya yote yaliyokuja kumfika baadaye, heri na shari, imepandwa katika kiti kile cha mbele ya mashine.

Kabla ya kuifuata mbegu hiyo yafaa kusimama kwenye sentensi moja ambayo mwandishi ameitia ndani ya mabano, kana kwamba ni jambo dogo. Anaorodhesha mahali alipofanyia utafiti: Hifadhi ya Taifa, Maktaba ya Bunge, na maktaba ya chama cha mabinti wa mapinduzi ya Marekani, chama cha wanawake ambao wazee wao walipigania uhuru dhidi ya Uingereza. Kisha ndani ya mabano anaongeza kwamba popote alipokuwa, pindi wahudumu weusi wa maktaba walipotambua anatafuta nini, makabrasha aliyoyaomba yalimfikia kwa kasi ya ajabu. Hasemi zaidi. Majina yao hayamo. Lakini katika sentensi hiyo imo jamii nzima: watu wenye kusukuma vigari vya vitabu, waliozoea kuwapelekea wengine nasaba za wengine, na ghafla wameona jina la ukoo linalotafutwa ni la mtumwa.

Uzito wa sentensi hiyo hauonekani mpaka ikumbukwe maktaba ya umma ilikuwa nini kwa Mmarekani mweusi. Tarehe 21 Agosti 1939 vijana watano weusi waliingia katika maktaba ya mji wa Alexandria, Virginia, wakaomba kadi za uanachama, wakanyimwa. Kila mmoja akachukua kitabu rafuni, akaketi meza yake peke yake, akasoma kimya hadi polisi walipokuja kuwakamata. Mpango huo uliandaliwa na mwanasheria kijana, Samuel Wilbert Tucker. Jibu la mji lilikuwa kujenga maktaba nyingine ndogo ya watu weusi. Mwaka 1960 huko Danville, Virginia hiyo hiyo, mahakama ilipoamuru milango ifunguliwe kwa wote, mji uliona ni afadhali kuifunga maktaba yake. Ilipofunguliwa tena viti vilikuwa vimeondolewa, ili mweupe na mweusi wasije wakaketi pamoja. Na tarehe 27 Machi 1961 wanafunzi tisa wa chuo cha Tougaloo walikamatwa katika maktaba ya mji wa Jackson, Mississippi, kwa kosa la kuketi na kusoma. Chama kile cha mabinti wa mapinduzi, nacho, ndicho kilichomkatalia mwimbaji Marian Anderson ukumbi wake mwaka 1939. Haley aliingia jeshini mwaka huo huo. Miaka kama ishirini na mitano baadaye anaketi katika maktaba ya chama hicho, anatafuta wazee wake, na hasemi lolote juu ya hayo yote.

Je, ni kasoro au ni adabu ya uandishi? Wako watakaosema kwamba kunyamaza kumeipa sentensi ile nguvu. Yawezekana. Lakini mwandishi aliyetumia kurasa nyingi kueleza mapigano ya majogoo alikuwa na nafasi ya kuwapa wahudumu wale japo ukurasa mmoja, na kuunyima ni hasara ya kweli kwa kitabu chenyewe. Wao ndio wasomaji wake wa kwanza. Zaidi ya hayo, nyaraka walizozibeba ziliwahi kufungwa mbele ya wenyewe kwa sheria, na karani aliyeziandika alimtumikia bwana. Mtu anayeingia katika chumba kama hicho ana haki ya kuishuku kila karatasi, hata ile inayompendeza. Shaka hiyo ndiyo iliyomkosa Haley.

Sehemu inayofuata inamhusu moja kwa moja mwanafunzi wa Kongo, ingawa ni wachache wanaoijua. Sauti zile, ko na Kamby Bolongo, Haley alizipeleka kwa Jan Vansina katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, mjini Madison. Huyu ndiye Vansina aliyefanya utafiti kwa Wakuba wa Kasai katika miaka ya 1950, na kutokana na kazi hiyo akatoa mwaka 1961 kitabu chake De la tradition orale, kilichowafundisha wanahistoria kwamba maneno ya mdomo ni ushahidi ukipimwa sawasawa. Vansina alisikiliza, akashauriana na mwenzake Philip Curtin, akajibu kwamba sauti hizo zaelekea kuwa za Kimandinka: ko huenda ni kora, kinanda cha nyuzi, na bolongo katika lugha hiyo ni maji yapitayo, mto, hivyo Kamby Bolongo yaweza kuwa mto Gambia. Kwa namna hiyo mizani iliyotengenezwa Kasai ilitumika kupima maneno ya baraza la Tennessee. Ni mojawapo ya kurasa nzuri za kitabu, kwa kuwa humo msomi anasema "huenda" na "yaelekea". Katika maelezo ya Haley yanayofuata maneno hayo yanazidi kuwa machache.

Maana kitabu cha Vansina hakikusema tu kwamba mapokeo ya mdomo yaaminiwe. Kilisema yalinganishwe: msimulizi huyu na yule, toleo hili na lile, na aulizwe nani anafaidika na habari kusimuliwa hivyo. Mwaka 1967 Haley anafika Juffure, na mzee Kebba Fofana anamsimulia nasaba ya akina Kinte hadi kufikia Kunta, aliyekwenda msituni kukata kuni wakati askari wa mfalme walipokuja, asionekane tena. Mwandishi anaeleza jinsi damu ilivyomganda. Ni mandhari iliyotiwa ufundi wa hali ya juu, na filamu ya televisheni ya 1977 iliirithi hisia yake yote. Lakini habari ya mtu aliyekuwa akitafuta babu aitwaye Kinte, aliyetekwa akikata gogo, ilikuwa imekwisha tangulia Gambia kabla yake, kwa kuwa yeye mwenyewe aliwaeleza wenyeji wake katika safari ya awali. Mgeni aliuliza swali lenye jibu ndani yake. Aprili 1977 mwandishi wa habari wa Uingereza, Mark Ottaway, aliandika kwamba Fofana hakuwa griot aliyefunzwa kwa urithi. Na mwaka 1981 mwanahistoria Donald Wright, aliyewahi kumhoji Fofana na wazee wengine wa eneo hilo, akaonyesha katika jarida la History in Africa jinsi isivyowezekana kuitegemea nasaba hiyo kwa mambo ya karne ya 18. Yeyote aliyewahi kukusanya masimulizi vijijini analijua tatizo hilo: mwenyeji mwungwana hamrudishi mgeni mikono mitupu.

Baada ya Juffure kazi inarudi kwenye karatasi, na mwendo wake unakuwa wa kasi. Askari wa mfalme wanatafutwa katika nyaraka za London, wanapatikana mwaka 1767. Meli inatafutwa, inapatikana: Lord Ligonier, iliyotoka mto Gambia na kufika Annapolis, yaani Naplis ya bibi, mwishoni mwa Septemba 1767. Gazeti la Maryland Gazette la tarehe 1 Oktoba 1767 lina tangazo la kuuzwa kwa watumwa walioletwa na meli hiyo. Na katika hati ya tarehe 5 Septemba 1768, John Waller anamkabidhi ndugu yake William mali zake, akiwemo mtumwa mmoja aitwaye Toby. Mnyororo umefungwa. Hata msomaji mwenye shaka husimamisha pumzi afikapo hapo, na hilo ni sifa kwa msimulizi.

Mwaka 1981 wataalamu wawili wa nasaba, Gary Mills na Elizabeth Shown Mills, walifanya jambo rahisi sana. Walirudi katika nyaraka zilezile za Virginia, wakasoma pia makabrasha ya miaka iliyotangulia. Toby wa akina Waller alikuwamo humo kabla ya 1767. Mtumwa aliyekwisha kuandikwa Virginia hawezi kuwa kijana aliyeteremshwa Annapolis mwishoni mwa Septemba ya mwaka huo. Tena Toby huyo anatoweka katika nyaraka miaka kadhaa kabla ya 1790, mwaka ambao kitabu kinasema Kizzy alizaliwa. Na Kizzy mwenyewe hakuonekana katika mali za Waller. Makala yao, iliyotoka katika jarida la historia la Virginia, haikuhitaji hati za siri wala safari ya ng'ambo. Ilihitaji kugeuza kurasa chache upande wa pili, ule ambao mtu aliyekwisha furahi hana haja nao. Haley aliikuta hati ya 1768 akasimama. Hapa ndipo tabia aliyoipata mbele ya sensa ya 1870 ilipomgeuka: karatasi ya kwanza iliyokubali ilikuwa kweli, naye akadhani kila inayokubali ni kweli.

Shauri la Harold Courlander ni jambo jingine, na si haki kulichanganya na hilo. Courlander alikuwa ametoa riwaya yake The African mwaka 1967. Alishitaki kwamba vifungu vyake vimo ndani ya Roots. Desemba 1978 Haley alikiri kwamba vimo, na akalipa dola 650,000 kumaliza kesi. Kosa la nasaba ni la mtu aliyependa mno kuamini. Kosa hili la pili ni la daftari: maneno ya mwingine kuchanganyika na ya mwenyewe bila alama ya yalikotoka. Aliyeshinda miaka kumi na miwili maktabani, kwa hesabu yake mwenyewe, alipaswa kuijua kanuni hiyo kuliko wengine, na hakuna utetezi wa kuridhisha.

Nini basi kinachobaki? Wapo waliohitimisha kwamba Roots ni uongo mtupu, na hukumu hiyo nayo ni ya haraka kama haraka ya Haley. Ukoo wa Tom Murray toka 1870 kuja huku umesimama juu ya nyaraka. Kilichoanguka ni kiungo kati ya baraza la Henning na kijiji cha Juffure, si baraza lenyewe. Kwamba wanawake wale walisimulia habari za Mwafrika aliyekataa jina alilopewa, hilo halikukanushwa na mtu. Kilichokanushwa ni kwamba Mwafrika huyo ndiye Toby wa Waller. Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili ana uzoefu wa kufaa katika jambo hili. Tarekhe za pwani, za Kilwa na miji mingine, zinasimulia kuja kwa Washirazi kutoka Uajemi. Wanahistoria wa zamani walizichukua kama taarifa za uhamiaji. Kisha akiolojia na isimu zikaonyesha kuwa miji hiyo ilimea katika ardhi yake na lugha yake ni ya Kibantu. Tarekhe hazikutupwa kwa sababu hiyo. Zikaanza kusomwa kama kauli za watu juu ya heshima yao na haki yao ya kukaa mahali. Sura 117 za Roots zikisomwa hivyo zinapumua vizuri. Tatizo ni zile tatu, zinazodai kusomwa kama cheti.

Kuna tofauti nyingine ambayo uhakiki umeipita kwa haraka. Mlolongo wa nasaba katika kitabu unapita kwa Kizzy, kwa Cynthia na kwa Bertha, mama yake Haley. Waliobeba maneno, barazani, ni wanawake. Na wa mwisho wao, binamu mzee wa Kansas City, ndiye anayemsukuma mwandishi aendelee. Lakini riwaya imempa Kunta peke yake zaidi ya nusu ya kurasa. Karatasi zimesaidia upendeleo huo, kwani katika karatasi mwanamume ana kazi, ni mhunzi, na Irene ni mke wa nyumbani. Maktaba ilimwongoza Haley kwa wanaume na kwa mabwana, ilhali kilichompeleka maktabani kilitoka kwa wanawake.

Januari 1977 filamu ilionyeshwa na ABC kwa usiku nane mfululizo, na watazamaji walikadiriwa kufikia milioni 130. Matokeo yake katika maktaba yalikuwa ya dhahiri. Makusanyo yenyewe yalikuwapo tangu zamani: la Burton katika maktaba ya umma ya Detroit lilitolewa mwaka 1914, la Arturo Schomburg lilinunuliwa mwaka 1926 kwa dola 10,000 na kuwekwa katika tawi la Harlem la maktaba ya umma ya New York, idara ya nasaba ya maktaba ya umma ya Fort Wayne, Indiana, ilianzishwa 1961. Kilichokuwa kipya ni mtu aliyeingia mlangoni: fundi, muuguzi, mstaafu, hana digrii, ana jina la bibi yake kwenye kipande cha karatasi. Mwaka huo huo wa 1977 kikaanzishwa mjini Washington chama cha historia na nasaba cha Wamarekani weusi. Watu hao wengi waliujua ukuta wa 1870 kwa kugongana nao, na baadhi yao wakawa wapekuzi makini kuliko mwandishi aliyewatuma. Sasa sensa hizo husomwa nyumbani kwa kompyuta, na vipimo vya damu na mate vimeleta madai mapya ya nasaba, ambayo nayo hupendwa zaidi yanapokubali.

Kwa msomaji wa Lubumbashi au Kisangani ukuta uko mahali pengine. Sehemu kubwa ya nyaraka za utawala wa kikoloni ilipelekwa Brussels wakati wa uhuru wa 1960, na anayetaka kujua babu yake aliandikishwa lini kazini au alitozwa kodi katika kijiji gani huenda akalazimika kuomba viza kwanza. Upande wa pili wa ukuta kuna maandishi machache ya wenyewe. Mojawapo ni Vocabulaire de Ville de Elisabethville, lililotungwa kwa Kiswahili cha Katanga na André Yav mwaka 1965 kwa niaba ya wafanyakazi wa nyumbani, na kutolewa tena na Johannes Fabian mwaka 1990. Ni historia ya mji kama walivyoijua waliopika na kufua. Yav hakuingia maktaba yoyote kuliandika; alikusanya waliyosema wazee, kama bibi wa Henning. Tofauti ni kwamba yeye aliyaandika maneno hayo mapema, wakati waliyoyaona wangali hai, na hakuyatafutia muhuri. Humo Wazungu hutajwa pia kwa majina ya utani waliyopewa na wafanyakazi, ilhali katika mafaili ya Brussels wametajwa kwa majina yao ya kiserikali. Anayetaka kuyalinganisha maandishi hayo mawili ataanza na kazi ya Toby na Kinte, ila safari hii ni bwana ndiye mwenye majina mawili.